Kanuni ya Magari Mawili

Jumapili, 3 Machi 1985

Kiwanda kimetupa zawadi ya mwaka mpya mwezi wa tatu. Madereva wote tumepewa vitabu vya tarehe, biskuti imechorwa kwenye jalada. Wenzangu wamempa muuza njugu akafungie njugu zake. Mimi changu nimekishika, kwa sababu mtu aliyefika Lusaka, Kigali na Bujumbura kwa lori, akalala mpakani Malaba mara nyingi kuliko askari wa Malaba wenyewe, hawezi kukosa la kuandika. Darasa la nne nililiacha katikati, lakini kalamu ni kama usukani tu. Usiibane sana, itakwenda.

Jina ni Ndambuki, nyumba ya kanjo, yaani baraza la jiji, hapa Jericho. Mke wangu Mbeti anasema niandike kwanza kwamba bomba la jikoni linavuja. Nimeandika.

Habari ya leo ni kwamba jirani yetu Tobias Omolo, ambaye ni fundi wa mabomba ya kanjo na ndiye angetengeneza hilo bomba, ameleta jogoo. Jogoo mwekundu, kifua mbele kama askofu. Taa kubwa ya mtaa inammulika usiku kucha, kwa hiyo anadhani ni asubuhi wakati wowote apendao.

Jumatatu, 4 Machi

Jogoo. Sijalala.

Jumanne, 5 Machi

Jogoo tena. Nimepeleka biskuti Thika na macho nusu.

Jumapili, 10 Machi

Tobias amekuja baada ya kanisa, amevaa koti. Tobias akivaa koti kuja kwangu, kuna jambo. Mimi na yeye tulihamia Jericho wiki ileile, rangi ya milango ilikuwa bado inashika nguo. Siku hizo nyasi za uwanjani zilikuwa za kulalia, na Jumamosi jioni tulikuwa tunakwenda dansi ukumbini, yeye na viatu vya ncha kali, mimi na kofia ya Lusaka. Walioingia nasi mwaka ule karibu wote wamerudi makwao au wamelala makaburini Lang'ata.

Mbeti akatuwekea chai. Tobias akakoroga sukari mpaka nikadhani anatafuta kitu ndani ya kikombe.

"Omera, ndugu yangu, nataka unipangie safari."

"Umefika kwa mwenyewe. Wapi? Kampala? Kampala naijua hata nikifumba macho."

"Nyumbani. Kano, upande wa Kisumu."

Akaeleza. Baba yake mzee ametuma neno kwamba miguu inamwishia nguvu. Kwao Waluo mwanamume akitaka kutoka boma la babake aanzishe boma lake mwenyewe, babake ndiye humwonyesha mahali. Hutoka asubuhi yeye, mkewe na mtoto wao wa kwanza wa kiume, wote pamoja. Mtoto hubeba shoka, mama hubeba moto, na baba hubeba jogoo. Siku hiyohiyo kibanda kisimame, usiku huo walale humo, na alfajiri jogoo awike. Mzee ametaja Jumamosi ya Pasaka, ndugu wote watakuwepo.

"Na asipokuwepo mzee?"

"Zitatafutwa njia. Lakini si mkono wake," akasema Tobias. "Mwisho wa mwezi wa tano nastaafu, Ndambuki. Sitaki kuzeeka nikilala kwenye kibanda changu cha ujana, nyuma ya nyumba ya mama."

Nikamwambia asitie shaka. Nimepeleka saruji Burundi, nitashindwa kupeleka jogoo Kano?

Jumapili, 17 Machi

Leo mlangoni kwangu palikuwa kama ofisi ya tikiti. Kila mwaka, Pasaka ikikaribia, mtaa mzima unakuja kuniuliza, nami siwanyimi. Wengine walikuja na soda.

Nimewaambia waondoke siku ambayo wengine hawaondoki. Jumatano kabla ya sikukuu unakaa kiti kizima kwa bei ya kawaida, Ijumaa unasimama kwa bei ya wazimu. Tikiti inanunuliwa dirishani, si kwa kijana anayekuita "mjomba" na hamna ukoo. Kabla ya kupanda basi, zunguka utazame tairi, halafu mtazame dereva machoni. Tairi ikiwa kipara au macho yakiwa mekundu, kumbuka umesahau kitu nyumbani. Kaa katikati, si nyuma juu ya gurudumu. Pesa ziweke mahali patatu, na mfukoni ubaki na za chai tu. Beba chakula chako, chapati na mayai, na ukipewa biskuti na mtu usiyemjua sema tumbo linauma, hata iwe biskuti ya kiwanda chetu. Sanduku liwe moja, la bati, jina liandikwe juu na ndani ya kifuniko. Panga kufika jua lingalipo. Likikuzamia, kaa stesheni na watu mpaka kupambazuke, na usimwambie mtu unashukia wapi.

Mwisho nikawapa ile kubwa, ambayo hata bure siitoi kwa kila mtu. Familia isipande gari moja. Mama aende leo, baba afuate kesho. Hiyo niliiokota barabara ya Mombasa nikiwa tanboi, msaidizi wa dereva, asubuhi moja tuliposimamisha lori kusaidia watu kwenye basi lililopinduka. Jina moja la ukoo lilikuwa kwenye masanduku yote. Sitaandika zaidi.

Watu waliitikia kwa vichwa. Mbeti alikuwa anachambua maharagwe mlangoni.

"Ndiyo maana," akasema, bila kuinua kichwa, "tangu unioe sijawahi kukaa kiti kimoja na wewe. Ningeolewa na posta, ningetumwa hivyohivyo."

Watu wakacheka. Mimi pia.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua ya kwanza. Harufu ya vumbi lililolowa imenikumbusha Voi. Jogoo amewika katikati ya radi, mjinga huyo.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua, na Muturi. Huyu Muturi ni keateka, mwangalizi wa nyumba za mtaa, mtu wa miwani na funguo nyingi. Amesimama mbele ya mlango wa Tobias na mwavuli.

"Baba Zedi, wewe ni mtu wa kanjo. Sheria ya kanjo unaijua. Kuku haruhusiwi."

"Huyo si kuku," Tobias akasema. "Ni mgeni."

"Basi mgeni nikimkuta hapa Alhamisi ijayo, nitamkaribisha kwangu Pasaka. Na wali."

Jumapili, 31 Machi

Tumekaa kikao kwa Tobias. Alikuwepo Benta mkewe, na Zedekiah, yaani Zedi, kifungua mimba wao, ambaye anafua masanduku ya bati kule Kariobangi. Amewatengenezea sanduku la bluu lenye pembe za chuma, lori likipita juu yake litaomba msamaha.

Shida ni hii. Jogoo lazima aondoke kabla ya Alhamisi. Tobias hapewi ruhusa kazini mpaka Alhamisi jioni. Lakini kichwa hiki hakikuzunguka Afrika bure. Nikasema Mama Zedi apande treni ya Jumatano na sanduku na jogoo, behewa la tatu, halina msongamano. Atashuka Kibigori Alhamisi asubuhi, jua likiwepo. Tobias na Zedekiah wafuate treni ya Alhamisi. Ijumaa wote wako nyumbani, Jumamosi mzee anaonyesha mahali. Ni rahisi, ni salama, na magari ni mawili.

Benta akaweka kikombe chini. "Shemeji, safari hii si kama zile nyingine. Ni ya watu watatu. Tunaondoka pamoja, tunaingia pamoja."

"Kuingia mtaingia pamoja, Mama Zedi. Mimi nazungumzia njiani tu."

"Na njia ikikataa?"

"Njia!" nikacheka. "Njia na mimi tumelelewa nyumba moja."

Tobias alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akatazama jogoo chini ya meza. "Ndambuki anajua barabara," akasema.

Benta akainuka kuosha vikombe. Aliviosha muda mrefu.

Jumatano, 3 Aprili

Tumemsindikiza Benta stesheni. Jogoo yumo kapuni, kichwa nje, anatazama watu kama mkaguzi wa tikiti. Nimemtafutia Benta kiti karibu na mama mmoja wa Muhoroni mwenye watoto, kwa sababu mwanamke anayesafiri peke yake akae karibu na mama mwenye watoto. Hiyo pia andika, nikajiambia.

Treni ilipoanza kwenda alitoa mkono dirishani, akamwambia Tobias kitu kwa Kijaluo. Nikauliza amesema nini.

"Amesema nisichelewe."

Mvua imetunyeshea mpaka nyumbani.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimelala kama mtoto. Hakuna jogoo! Muturi amekuja na mwavuli wake na sufuria machoni, amekuta patupu.

Jioni nimewapeleka Tobias na Zedekiah stesheni. Geti limefungwa, umati nje, karani anapiga kelele kutoka kwenye ngazi. Maji yamekula tuta la reli huko mbele. Treni ya Benta ilipita, ya leo haitoki. Kesho haijulikani.

Tukaenda kwenye mabasi. Watu wamejaa mpaka juu ya vibanda, na ile bei ya wazimu niliyowaonya wengine sasa inaniangalia usoni. Hata kwa bei hiyo hakuna kiti mpaka Jumapili.

Zedekiah akakaa juu ya mzigo wake. "Baba, tungekwenda na mama, saa hizi tuko nyumbani."

Tobias hakunilaumu hata kidogo. Angenitukana ningejua la kufanya. Alishika tu lile shoka alilolifunga kwa gunia, akawa anasukuma kamba na kidole gumba.

Nyumbani Mbeti amenipa chakula, akaniangalia nikila, kisha akasema, "Baba Ndindi, wewe si ulifika Lusaka? Fika Kano."

Ijumaa, 5 Aprili, asubuhi

Nimempata Burale kwenye mizani ya magari makubwa. Tuliendesha pamoja siku za Kampala. Ana lori la chumvi linakwenda Kisumu. Ameuliza tuko wangapi. Nimesema watatu na shoka. Amesema shoka likae mbali na yeye.

Jumanne, 9 Aprili

Nimerudi jana. Sasa naandika yote, nikiwa na miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mbeti ananisomea makosa, ingawa yeye pia aliacha darasa la tatu.

Kanuni yangu nyingine, ambayo huwaambia watu kila mwaka, ni kwamba usipande lori la mizigo. Si gari la watu. Basi Ijumaa mimi mwenyewe, bingwa, nimepakia rafiki yangu ndani ya chumba cha dereva na mtoto wake juu ya magunia, chini ya turubai, amefungwa kamba kiunoni kama mbuzi wa Idi. Kuanzia Limuru ukungu, Nakuru jua dakika ya kuvutia sigara, Kericho mvua ya mawe. Kila tuliposimama nilikuwa nagonga turubai. "Zedi, uko?" "Nipo, lakini sasa mimi ni chumvi."

Burale, mtu wa Garissa, alikuwa ananichokoza njia nzima. "Ndambuki, zamani ulikuwa unaimba ukiendesha. Leo umenyamaza kama mtu aliyemeza risiti."

Nilikuwa namwona Benta dirishani na mkono wake. Ilinijia hapo, tukiteremka Kericho, kwamba kanuni yangu ilikuwa nzuri kwa kulinda watakaobaki. Sikuwahi kufikiria kazi ambayo ikikosa mmoja haifanyiki. Kwetu Ukambani mtu akifika na mkewe akifika kesho, nyumba ni ileile. Nilimpangia Tobias safari ya Mkamba.

Tulifika Ahero jua likizama. Hapo Burale alikuwa aendelee na lami kwenda Kisumu, na sisi tukate kulia, barabara ya udongo mweusi. Hakukuwa na barabara. Kulikuwa na maji, na vichwa vya mipunga, na nguzo za ua zikionyesha kwamba zamani palikuwa shamba la mtu. Tobias akataka kuingia hivyohivyo.

"Hapana," nikasema. "Kufika na mwanga. Hiyo kanuni bado ni kweli."

"Mzee anangoja alfajiri!"

"Akuone unatembea au akuone umebebwa? Chagua."

Tukalala kwenye baraza la duka la muuza sukari, aliyetupa magunia matupu na uji. Kulipopambazuka tukavua viatu, tukakata fimbo za kupimia kina. Zedekiah mbele, Tobias katikati na shoka kichwani, mimi nyuma na viatu vya wote shingoni kama shanga. Udongo ule unashika mguu kama mtu anayekudai. Maji yalifika goti, halafu paja, halafu mahali pamoja yakafika kifua, na mimi, nakiri, nilimshika Tobias shati nyuma. Nimevuka mipaka ya nchi nyingi, lakini kuogelea sijui. Lusaka haina bahari.

"Omera, unanivuta," Tobias akasema.

"Nakusindikiza."

Akacheka. Ndiyo kicheko cha kwanza tangu stesheni, na tulikuwa katikati ya mafuriko.

Tulipofika jua lilikuwa limepanda vizuri. Bomani kulikuwa na watu wamesimama wakitungoja. Mzee alikuwa amekalishwa nje kwenye kiti, blanketi magotini, tangu kabla ya mapambazuko. Walimwambia arudi ndani, baridi itamwua. Aliwaambia akiingia ndani hatatoka tena. Benta alikuwa amekaa chini kando yake, jogoo mapajani, na kipande cha chungu chenye makaa mbele yake. Kila makaa yalipotaka kuzimika aliongeza. Alituona, akayatazama matope yetu kutoka chini mpaka juu, akamwambia Tobias kwa Kiswahili, ili na mimi nielewe:

"Nilikuambia usichelewe."

Mzee hakumpa mtu nafasi ya kukaa. Alishikwa mkono huku na huku, akatembea. Hatua yake ilikuwa kama ya mtoto anayejifunza. Zedekiah na shoka, Benta na moto, Tobias na jogoo, bado wanachuruzika maji. Mimi nilibaki nyuma na wageni. Walifika mahali paliposimama mti mdogo kwenye kiinuko, maji yamekizunguka lakini hayajakipanda. Mzee akachomeka bakora ardhini. Basi. Hakuna hotuba. Tobias Omolo, niliyemwona akiteleza na viatu vya ncha kali mwaka ule, akainamisha kichwa na mabega yakawa yanatikisika.

Kibanda kilisimama kabla ya jioni. Nami nilikata nyasi. Mzee aliniita kitini kwake, Tobias akitafsiri.

"Anauliza, wewe ndiye Mkamba uliyemtuma mke wa mwanangu peke yake?"

"Ndimi, Jaduong', mzee wangu."

"Anauliza, na wewe mwenyewe ndiye uliyetembea majini kumletea mumewe?"

"Ndimi."

Mzee akafikiri, akasema kitu, watu wakaanguka kwa kicheko.

"Anasema basi mmelipana, lakini safari nyingine usikilize wanawake, utalowa kidogo."

Usiku huo watu wote walikuwa na wasiwasi mmoja ambao hakuna aliyeutaja. Jogoo yule ni wa mjini, amezoea taa ya kanjo. Katika giza la kweli atajua saa? Nililala kwenye nyumba ya wageni, sikio wazi. Nimemlaani jogoo yule mwezi mzima, na sasa nilikuwa namwombea. Anga ilipoanza tu kupauka upande wa Kericho, akawika. Sawasawa, kama amesoma. Bomani kwa mzee mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na mimi, mtu mzima, nikakaa kitandani nikacheka peke yangu.

Jumapili, 21 Aprili

Watu wamekuja kuuliza habari za safari za likizo. Nimewapa kanuni zote isipokuwa ile ya mwisho. Hiyo nimewaambia kwanza waulizane nyumbani, safari ni ya nini na inamhitaji nani.

Jumatano, 8 Mei

Mvua.

Jumanne, 14 Mei

Tobias ameitwa kwa simu ya ofisini. Mzee amelala, hakuamka. Ameondoka na Zedekiah leoleo, treni imerudi. Benta yuko huko tangu Pasaka. Stesheni alinishika mkono tu, akasema, "Msiba umenikuta na mlango wangu mwenyewe, Ndambuki. Nitawapokea waombolezaji mlangoni kwangu."

Ijumaa, 31 Mei

Tobias amerudi kuchukua vitu vyake. Kabla ya kufunga sanduku la bluu, alilorudi nalo tupu, alichukua spana yake ya zamani akaja kutengeneza bomba letu la jikoni. Halivuji. Halafu akafunga nyumba, akamkabidhi Muturi funguo. Muturi akavua miwani, akaifuta, akauliza jogoo hajambo. Tobias akasema hajambo, ana wake watatu.

Tumekaa kwenye ngazi tukikumbuka dansi za ukumbini mpaka tukaishiwa majina ya watu.

Jumamosi, 1 Juni

Mvua imekatika. Mtaa una kimya ambacho sikukiomba. Nimeamka saa ya jogoo bila jogoo.

Leo ni zamu yetu ya kwenda nyumbani, Mwala, kuvuna mbaazi. Mbeti ameamka akafunga mzigo wake, akasimama mlangoni kama kila mwaka. "Haya, natangulia. Wewe utafuata kesho."

Nikamwonyesha tikiti. Ni mbili, namba zimefuatana, nimezinunua dirishani juzi.

Akazitazama. "Na hilo basi likianguka?"

"Ndindi wetu ameolewa, ana mume na watoto. Tulikuwa tunambakishia nani tena?"

"Kwa hiyo kanuni imekwisha?"

"Imestaafu."

Akauinua mzigo wake, tukaenda pamoja mpaka kwenye basi. Nilizunguka nikatazama tairi, nikamtazama dereva machoni. Tumekaa katikati, yeye dirishani. Nilikuwa nimepanga kumwonyesha njia yote, hapa lori liliharibika mwaka fulani, pale nilikula nyama ya pundamilia nikiambiwa ni ng'ombe. Sikufika popote. Basi halijavuka hata Athi River amelala, kichwa begani kwangu, mdomo wazi kidogo.

Naandika kwa mkono wa kulia, herufi zinaruka na mashimo. Wa kushoto umekufa ganzi kabisa. Siutoi.